Niliandika Kwamba Hakusema Kitu

Ketamini niliijua zamani, kabla madaktari wa Toronto hawajaanza kuitaja kwa sauti ya chini kama watu waliookota lulu. Katika hospitali ya misheni kusini mwa Tanzania, nilikoanzia kazi ya uuguzi, ndiyo iliyokuwa dawa yetu ya usingizi. Daktari wa usingizi hatukuwa naye, mashine ya kupumulia ilikuwa imekufa, na umeme ulikuja ulipojisikia. Basi mwenye ngiri alichomwa ketamini, aliyevunjika mguu alichomwa ketamini, na mama aliyeshindwa kujifungua naye vivyo hivyo. Mgonjwa alibaki macho wazi, akipumua bila msaada, lakini mwenyewe hayupo.

Halafu walikuwa wanasema. Vitabu vililitaja jambo hilo kwa mstari mmoja, sisi tuliliishi kila wiki. Dawa ilipoanza kuisha, watu walitoa ya moyoni. Nilimsikia mwinjilisti akitukana matusi ambayo sijayasikia tena mpaka leo. Nilimsikia bibi harusi wa wiki mbili akimwita mwanamume, na siye yule aliyekuwa anamngoja nje na chupa ya chai. Sista mkuu wa chumba cha upasuaji, mwanamke mfupi mwenye mkono mzito, alitufundisha sheria moja kabla hajatufundisha hata kuhesabu vitambaa: kinachosemwa mezani kinafia mezani. Mgonjwa akiamka na kuuliza, "Sista, nimesema nini?" unamjibu, "Hukusema kitu, ulilala tu." Hata kama amesimulia maisha yake yote. Hasa kama amesimulia maisha yake yote.

Niliipenda sheria ile. Mtu anayelala mbele yako uchi, tumbo limefunguliwa, ana haki abakishiwe angalau kinywa chake. Huo ndio uuguzi niliokuja nao Kanada.

Nilikuja mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Vyeti vyangu vilitazamwa kama tiketi za basi la jana, kwa hiyo nilianza kwa kufunga maboksi kwenye ghala huko Brampton, nikiishi chumba cha chini ya nyumba ya watu, dirisha moja, nalo linaangalia magurudumu ya gari. Baadaye nikawa naogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee North York. Nikasoma upya yale niliyokuwa nimeyasoma, nikafanya mitihani, nikaitwa tena muuguzi. Naisimulia kwa mistari minne, lakini ilinila miaka sita.

Miaka hiyo sita mwanangu wa kike alikuwa kwa mama yangu, Masasi. Nilimwacha ana miaka mitano. Sikumuaga. Kwetu mtoto mdogo haagwi, anadanganywa, ili asilie na safari isiwe na mkosi. Gari lilikuwa limeshawashwa. Nikachuchumaa, nikamwambia, "Naenda kununua sukari, nakuja sasa hivi." Akakimbia ndani akaniletea kopo la kutilia sukari. Nikamwambia alishike yeye, aningoje nalo. Mama aliniambia kwa simu, siku ambayo nilikuwa nimemuuliza hali za watu tu, kwamba mtoto alikaa kizingitini na lile kopo mpaka siku ya nne, na kwamba walilazimika kulificha.

Alipofika uwanja wa ndege wa Toronto alikuwa na miaka kumi na mmoja, mrefu, amevaa koti kubwa la kuazima. Aliniamkia shikamoo kwa adabu zote, kama anavyoamkiwa mke wa mchungaji. Baada ya mwaka alikuwa ananijibu kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, ila hakimtoki. Habari ya sukari hatukuigusa kamwe, na mimi nilijiambia kwamba amesahau, kwa sababu watoto husahau. Watu wazima hupenda sana kusema hivyo.

Katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi nilihamia kliniki moja, ghorofa ya tano, ambako ketamini ilikuwa imevaa suti. Sasa walikuwa wanampa mtu mwenye sonona sugu, ile huzuni iliyokataa vidonge vya kila aina. Anaketi kwenye kiti kinacholala, anafunikwa blanketi, anafungwa kitambaa laini machoni, anawekewa muziki usio na maneno. Dawa inaingia kwenye mshipa polepole, dakika arobaini. Anaondoka. Anaona anayoyaona. Akirudi anasemeshwa, na kesho yake anakutana na mshauri wayachambue yale aliyokutana nayo. Wengine waliinuka. Niliona kwa macho yangu mwanamke aliyekuwa haogi akija mara ya nne amepaka rangi ya midomo.

Daktari ndiye aliyeandika dawa, lakini aliyekaa na mgonjwa ni muuguzi. Hilo nililipenda na liliniogopesha. Kazi yangu ilianza kabla ya sindano: kumuuliza mgonjwa, "Ukinyoosha mkono, niushike au niuache?" Kumwambia kwamba huenda akalia, huenda akacheka, na yote ni sawa. Kupima presha kila baada ya dakika kumi bila kumshtua. Kukaa kimya, jambo gumu kwa mtu wa ukoo wetu. Na kuandika. Kila neno linalomtoka mgonjwa niliandike kama lilivyo, na saa yake pembeni, bila kulipamba, na akishatulia nimsomee mwenyewe. Lile ambalo sista alinifundisha lifie mezani, hapa nilitakiwa nilinyanyue, nilifute vumbi, nimrudishie mwenyewe mkononi.

Nilifanya hivyo kwa wagonjwa wengi. Walisema kwa Kiingereza, niliandika kwa Kiingereza, sikuona tabu. Maneno ya Kiingereza hata leo hayanichomi sana. Mshauri wetu, kijana mwenye ndevu na soksi za maua, alikuwa ananiambia karatasi zangu ni nzuri kuliko za wote. Nilijivuna, sitaficha.

Kisha akaja mzee.

Alikuwa amepita sabini, mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka inasimama, Mwismailia aliyekuwa na duka la kufulia nguo kwa miaka mingi kabla ya kuwaachia watoto. Alikaa Richmond Hill na mke wake. Nilipokuwa namweleza habari za blanketi, akaniangalia kwa upande.

"Binti, Kiingereza chako kimepita wapi kabla ya kufika hapa?"

"Masasi, mzee. Shikamoo."

Uso wote ukamfunguka. "Marahaba! Marahaba, binti! Mimi mtu wa Lindi. Wewe ni jirani yangu kabisa." Mke wake, mama mnene mwenye miwani ya mnyororo, alikuwa kwenye kiti cha pembeni na mkoba mapajani. Yeye alikuwa mzaliwa wa Dodoma, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Akasema, "Haya, wamekutana Wamakonde wawili. Mimi nikae zangu nje." Tukacheka wote watatu.

Fomu yetu ilikuwa na sehemu ya kuuliza ni lugha gani inaweza kumtoka mgonjwa akiwa kwenye dawa. Mzee alikuwa ameandika Kiingereza na Kigujarati. Kiswahili hakukiandika. Nilidhani ni usahaulifu. Lakini siku ileile aliomba kwa sekretari kwamba mara zake zote sita apangiwe mimi, akasema yupo tayari kubadili siku kama nitakuwa sipo.

Nilimuuliza kama nishike mkono wake. Akasema, "Uache. Nitauhitaji."

Dakika ya kumi na nane mkono wa kulia uliinuka kutoka kwenye blanketi, ukasimama hewani, kimo cha goti la mtu mzima. Ukaanza kupapasa, taratibu, kuelekea nyuma, kama mtu anayefuata mistari ya nywele. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha kusini, kile kilekile cha kwetu:

"Nani kakusuka twende kilioni nzuri hivi?"

Kalamu yangu ilikuwa tayari kwenye karatasi.

"Usilie, mwanangu. Kunywa uji wako. Baba anakwenda stendi mara moja, jioni nimerudi." Machozi yalikuwa yanatoka chini ya kitambaa. "Jioni nimerudi. Usimwambie mama yako umeniona nalia."

Twende kilioni ni msuko wa kwetu, mistari iliyonyooka kwenda kisogoni. Nywele za hariri za watoto wake, ambao picha zao mama, mke wake, alishanionyesha kwenye simu, wakili na daktari wa meno, hazisukwi twende kilioni. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Lindi ya miaka ile nilisimuliwa na wakubwa: kijana wa dukani, msichana wa mtaani, mtoto mweupe kidogo anayejulikana na mji mzima. Halafu majumba yakataifishwa, familia zikafungasha, na kijana akaambiwa mke wako yuko tayari, tunaondoka.

Mama alikuwa nyuma ya mlango, na mkoba wake mapajani.

Niliandika: mgonjwa ananong'ona, hakuna maneno yanayoeleweka.

Aliporudi, nikamfuta uso, nikampa maji. Aliniangalia muda mrefu.

"Nilisema kitu?"

"Hukusema kitu, mzee. Ulilala tu."

"Hata neno?"

"Hata neno."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka. Mimi niliona nimefanya jema. Nilihisi hata sista mkuu, Mungu amrehemu, ananipigapiga begani.

Ilikuwa hivyo mara sita kwa wiki tatu. Msuko, uji, stendi, jioni. Mara ya tatu aliongeza kwamba kuna mvua, mtoto asitoke nje. Mara ya tano alicheka, sijui mtoto alimwambia nini huko. Kila mara akirudi aliuliza, na kila mara nilimjibu vilevile, na maneno "hakuna yanayoeleweka" yalinitoka kalamuni kwa urahisi. Mshauri alinifuata korido akiwa na karatasi. Alisema wagonjwa wengine wana pa kuanzia, ila huyu mzee anakaa mbele yake kimya na karatasi nayo kimya, na yeye hajui ashike wapi. Nikamwambia wazee wetu ni watu wa ndani sana. Nilimwambia hivyo mimi, ambaye kila asubuhi nilikuwa nawahubiria wagonjwa wengine kwa Kiingereza changu cha Masasi kwamba mficha uchi hazai.

Nilikuwa na sababu, na sababu zilikuwa nzuri. Sheria ya sista. Mama aliye nje ya mlango, ambaye angeweza kuomba kuisoma karatasi. Heshima ya mzee mwenye wajukuu. Nilizipanga sababu hizo kila nikipanda treni kurudi nyumbani, na hazikuniishia mpaka kituo cha mwisho. Ile ya kweli sikuipanga. Ya kweli ni kwamba sikuweza kuyaandika maneno "jioni nimerudi" kwa mkono wangu. Kama ningeyaandika, ningetakiwa kumsomea, naye angelia mbele yangu kama mzazi aliyemdanganya mtoto akaondoka, na mimi ningekaa kwenye kile kiti cha muuguzi nikijifanya namsikitikia yeye.

Mama naye kila walipokuja alinipa chakula. Bakuli la plastiki lenye mfuniko wa bluu: mara mihogo ya nazi, mara bajia, mara biriani ya kuku ambayo ilininyima usingizi kwa utamu. "Umekonda, binti, kula," alikuwa anasema, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Bakuli la watu halirudishwi tupu, kwa hiyo kila mara nililirudisha na kitu: visheti, kashata za nazi, siku moja maembe ya kopo nikiwa nimeishiwa. Mara ya sita alinipa likiwa na pilau, na baada ya hapo hawakurudi. Matibabu yalikuwa yamekwisha. Kwenye faili daktari aliandika kwamba hakupata nafuu. Bakuli likabaki kabatini kwangu.

Siku ile ya mwisho mzee aliniuliza mara mbili. Alikuwa ameshavaa koti, ameshika kofia.

"Hakika, binti?"

"Hakika, mzee."

"Basi," akasema. "Ahsante kwa kukaa nami."

Majira ya baridi yalipita. Mwezi wa nne sekretari wetu aliniletea ujumbe ameuandika kwenye kikaratasi, amekunja uso. Kuna mama amepiga simu, hataki kuonana na daktari, hataki mshauri, anataka muuguzi wa Kiswahili amrudishie bakuli lake, Jumamosi saa nne asubuhi. Anwani ilikuwa chini. Muuguzi haendi nyumbani kwa mgonjwa, hiyo ni kanuni na niliijua vizuri. Lakini nilijua pia bakuli nini. Ijumaa nilipika kashata.

Nilipanda basi kwenda kaskazini kwa barabara ya Yonge, bakuli mapajani. Mama alinifungulia mlango amevaa nyeupe, nguo ya msiba kwao. Nikajua kabla hajasema. Moyo wa mzee ulikuwa umesimama mwezi wa pili, mezani, akisubiri chai. Nilimshika mikono, nikampa pole, nikalia, na nilikuwa nalia kweli. Yeye hakulia. Alilipokea bakuli, akafunua, akaonja kashata moja akiwa amesimama palepale.

"Nazi nyingi," akasema. "Vizuri. Kaa."

Mezani palikuwa na bahasha ya kliniki yetu. Akatoa karatasi sita, akazipanga mbele yangu.

"Huu mwandiko wako?"

"Ndiyo, mama."

"Mara sita hakusema kitu?"

Nilitaka kumweleza habari za kanuni, nikaishia kuzitazama zile karatasi. 

"Mimi nimelala na mtu huyu miaka arobaini na mbili," akasema. "Haijapita wiki hajasema usingizini, jioni nimerudi. Leo uniambie dawa ile, inayomfungua mdomo hata bubu, yeye ilimfunga?"

Akavua miwani, akaiacha ining'inie kwenye mnyororo.

"Habari ya yule mtoto niliijua kabla hajanioa. Lindi nzima iliijua, wewe unafikiri Dodoma haikufika? Nilimngoja aniambie. Hakuweza. Ukimwanzishia anatoka nje kufuta gari. Nikasikia kuna kliniki, na kuna muuguzi wa Kitanzania pale. Nikamwambia mwenyewe, twende. Nikasema, mimi hawezi kuniambia, atamwambia huyu, na huyu atamwambia tena yeye mwenyewe kwa sauti, na akishajisikia hatakuwa na pa kujificha. Ataandika barua. Atapanda ndege. Alikuwa bado ana miguu." Akafuta miwani kwa upindo wa nguo. "Ukadhani zile biriani nilikuwa nakupa kwa ajili gani?"

Nilikuwa nimeukaza mlango ili yeye asisikie, naye ndiye aliyemleta mzee mpaka mlangoni.

"Baada ya ile mara ya mwisho," akaendelea, "alikaa kwenye gari haliwashi. Nikamuuliza, vipi? Akasema, nilikwenda mpaka nyumbani nikamwona. Nilidhani nimesema naye. Lakini binti anasema sikutamka neno, na binti hawezi kudanganya. Basi ni picha tu, sina mtoto huko, nimempoteza hata yeye. Hayo ndiyo aliyosema. Tangu siku hiyo hata usingizini alinyamaza."

Nimekaa na watu wengi wakifa, na nimefikisha habari mbaya kwenye milango mingi. Sijawahi kusikia jambo likiniingia namna ile. Niliinamisha kichwa mezani, kando ya karatasi zangu, nikamwambia mama nisamehe. Aliniacha hivyo kwa muda. Hakusema amenisamehe.

Kisha akaniambia kwamba amempata yule mtoto wa Lindi. Kupitia jamaa yake aliyebaki Mtwara akiuza vifaa vya ujenzi, kwa wiki tano tu. Miaka yote ile, na ilikuwa kazi ya wiki tano. Ni mwalimu wa shule ya msingi hukohuko Mtwara, amekaribia kustaafu, ana wajukuu.

"Nikimpigia ananiuliza kitu kimoja tu. Baba aliwahi kunitaja? Nikamwambia ngoja, niulizie hospitali. Nikaomba faili." Akagusa karatasi zile kwa kidole kimoja. "Sasa nimjibu nini? Nimsomee hizi?"

Sheria ya siri za mgonjwa naijua, na najua nilivyoivunja asubuhi ile. Nilimwambia yote: msuko, uji, stendi, mvua, kicheko, usimwambie mama yako. Nilishangaa jinsi maneno yalivyokuwa yamekaa kwa mpangilio, na saa zake pembeni. Mama alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza, akachukua simu, akatazama saa ya ukutani.

"Kwao ni jioni sasa," akasema, akapiga, akanipa.

Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, kavu kidogo, ya mtu aliyezoea kusikilizwa darasani. Nikamwamkia, "Shikamoo, dada." Akaitikia. Nikamwambia mimi ni muuguzi niliyekaa na baba yake. Nikayasema tena maneno yale, polepole, kama nilivyotakiwa kuyasoma mara sita. Nilipofika kwenye msuko nilisikia pumzi yake ikikatika. Nyuma yake kulikuwa na watu wanaosogeza vyombo, akawaambia wanyamaze.

"Alinisuka bibi," akasema. "Siku hiyohiyo. Hakuna mtu mwingine anayelijua hilo."

Nikangoja.

"Na akiamka, je? Alikuwa anakumbuka?"

"Alikuwa anauliza kama amesema kitu."

"Mkamwambia?"

Mama alikuwa ananitazama. Ningeweza kusema ndiyo. Mtu yuko Mtwara, mzee yuko kaburini, ndiyo moja ingemtuliza kila mtu. Sista mkuu angesema ndiyo.

"Nilimwambia hakusema kitu, dada. Ni mimi niliyemwambia."

Nikasikia kiti kikivutwa, akakaa.

"Kumbe na yeye alikufa anangoja," akasema mwishoni. Hakuniambia neno jingine. Aliomba apewe mama, na wale wawili wakazungumza muda mrefu, na mimi nikaenda jikoni kuosha bakuli, kwa kuwa sikujua mahali pengine pa kusimama.

Mama hakunipa kitu cha kubeba wakati wa kuondoka, na sikutarajia. Alinisindikiza mpaka mlangoni, akanifunga skafu shingoni kama anavyofungwa mtoto, akafunga mlango. Wiki ile niliomba kuonana na daktari mkuu wa kliniki, nikamweleza nilichofanya, na nikapokea nilichostahili. Hayo si ya hapa.

Jumamosi ileile nilishuka basi nyumbani, North York, nikaingia dukani kabla ya kupanda ghorofani. Mwanangu alikuwa mezani na vitabu vyake vya chuo, masikio yamezibwa na muziki. Nikamwondolea waya moja sikioni, nikaweka mfuko mbele yake. Alifungua, akanitazama, akasema kwa Kiingereza kwamba sukari tunayo, kabati limejaa, kwani nimechoka?

"Sijachoka," nikamwambia. "Hii ni ile niliyokwenda kununua."